Kitanda Kinatakiwa

Asubuhi aliyoruhusiwa mdogo wangu kutoka wodi ya magonjwa ya akili, sista alinipa bahasha mbili za kaki zenye vidonge na kadi ya kliniki, kisha akamgeukia mgonjwa mwingine. Nikabaki nimesimama na viatu vya mdogo wangu mkononi, nikingoja kuambiwa neno. Hapakuwa na wa kuniambia. Wanane walikuwa wanatoka siku ile, na nje kwenye benchi walikuwapo wengine wanaongoja kuingia, mmoja wao kijana aliyefungwa mikono kwa leso, mamake amemshika kiunoni asije akainuka. Sista alikuwa yeye na msaidizi mmoja, basi.

Nikamvisha viatu, tukaenda kupanda matatu. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: ameruhusiwa, kwa hiyo amepona. Ndivyo tulivyolielewa neno hilo maisha yetu yote. Mtu akiruhusiwa hospitali majirani huja kutoa pole na mwenye nyumba huteleka sufuria. Mama yetu alipika pilau. Ilikuwa Aprili 2017. Siku ya pili yake magharibi nilikuwa narudi naye mbio kwenye lango lile lile.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayesimama leo na viatu mkononi. Hospitali sitaitaja. Niliyoyaona pale nimeyaona na kwingine, na wale waliokuwa kazini walifanya kuliko nguvu zao.

Sisi ni watu wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, kwenye nyumba za zamani ambazo vyumba vinatazamana na bomba ni moja uani. Mdogo wangu alikuwa na miaka 22, fundi cherehani Gikomba. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba soko hilo hilo. Desemba 2016, siku za Maulidi, akaacha kulala.

Mwanzoni tulifurahi. Alikuwa na nguvu za watu watatu. Alifagia ua mzima saa tisa za usiku, akasoma kasida kwa sauti nzuri hata wazee wakamsifu. Siku ya nne alifumua suruali kumi na moja za wateja, akisema mshono wote wa mji huu umeshonwa kinyume na yeye ametumwa kuurekebisha. Siku ya sita akagawa viatu vyake na vya marehemu baba kwa wapita njia. Maneno yalimtoka mfululizo hata povu likamkaukia pembeni mwa midomo, na ukimwambia aketi kidogo anakutazama kama uliyemtukana.

Kwetu hali kama hiyo ina jina lake tayari, na jina hilo si la ugonjwa. Tulikua tukitishana kwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi. Mtoto akicheka peke yake tulimwambia gari la Mathari linamfuata. Wakoloni waliifungua hospitali ile mwaka 1910 iwe mahali pa kuwaweka wale waliowaita wendawazimu, na kabla ya hapo palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Basi sisi watoto wa Majengo, miaka mingi baadaye, tulikuwa bado tunaifanya kazi ile ile ya kutenga kwa midomo yetu. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu lilitupotezea siku. Mama alikuwa radhi mwanawe awe na jini kuliko atajwe na Mathari katika sentensi moja.

Tukamwita ustadh. Akamsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani, mdogo wangu akanywa. Usiku wa pili ustadh akamwita mama pembeni. "Mama," alisema, "dua nitaendelea kumwombea, lakini mtoto huyu hajafumba jicho siku ngapi? Mpelekeni kwa daktari." Mtu yule namshukuru mpaka leo. Nimekutana na wengi ambao ustadh wao, au pasta wao, hakuwaambia hivyo.

Tulimpeleka. Langoni askari akatutazama kwa huruma. "Rudini naye tu, mama. Hapa hakuna wa kumwona."

Madaktari wa hospitali za umma nchi nzima walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Desemba, wakitaka mkataba wao uliotiwa saini mwaka 2013 utekelezwe. Mgomo ule ulidumu siku 100. Viongozi saba wa chama chao walitupwa jela mwezi wa Februari. Hayo yote tuliyasikia redioni tukiwa na mgonjwa chumbani. Watu huniuliza kama niliwachukia. Siku zile ndiyo, niliwachukia. Sasa nimeshaona daktari mmoja anavyohudumia foleni inayozunguka jengo, siwezi tena.

Hospitali ya kulipia ilitaka amana ambayo hata ningeuza meza yangu ya Gikomba na nguo zilizo juu yake nisingeifikisha. Tukakaa naye. Mjomba wetu, ambaye anampenda kama mwanawe, alimfunga mguu kwa kamba kwenye kitanda ili asitoke usiku akagongwa na gari barabarani. Mimi nilikuwa namkanda kifundo cha mguu kwa maji ya chumvi pale kamba ilipomla ngozi, naye anaimba. Alikuwa anaimba kweli, kwa furaha, huku anavuja damu. Sitaeleza zaidi miezi ile mitatu.

Mgomo ulikwisha tarehe 14 Machi 2017. Kesho yake tulikuwa langoni, na foleni imetoka nje mpaka barabarani. Akachomwa sindano, tukaambiwa turudi Jumatatu, huenda kitanda kikapatikana. Jumatatu hakikupatikana. Juma la mwisho la mwezi akalazwa.

Nieleze hapo kaunta ya kuandikisha, kwa sababu ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Karani aliniuliza namba ya simu ya jamaa wa karibu. Nilikuwa na miezi mitatu sijalala usiku mzima. Nilikuwa na belo la nguo lililooza kwa mvua kwa kuwa sikuwapo sokoni kulifunika. Mama presha ilikuwa imempanda mara mbili. Namba yangu inaishia na 4. Nikaandika 7. Nilijua ninachofanya. Nilitoka pale mwepesi kama niliyetua gunia, nikafika nyumbani, nikalala saa kumi na nne.

Nilirudi kumwona siku ya tatu, kwa kuwa mama alitaka nimpelekee mahamri.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyosongamana hata ilikubidi upite ubavu ubavu. Vingi vilikuwa na watu wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule. Mdogo wangu alikuwa ameanzia sakafuni, kwenye godoro lililochanika kona sponji ikatoka, ndiyo kwanza amepewa nusu ya kitanda. Alikuwa amelala. Baada ya miezi mitatu nilimwona amelala, mdomo wazi, na nusu ya shuka imemwangukia mwenzake. Nikakaa chini nikalia.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na mzee mmoja peke yake. Blanketi lake lilikunjwa likawa mraba, kingo zimelingana kana kwamba limepigwa pasi. Alikuwa anapita na jagi la uji akiwashikia vikombe wale ambao mikono ilikuwa inatetemeka kwa dawa. Alinijia.

"Mdogo wako leo amekunywa vikombe viwili," akaniambia. "Jana alikataa."

Nikamshukuru, nikamuuliza yeye ni mfanyakazi wa pale tangu lini.

"Mimi ni mgonjwa, mwanangu. Nilipewa ruhusa zamani. Namba waliyoiandika watu wangu haishiki."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba basi la njia ile halipiti siku hizi, kisha akaendelea na jagi lake.

Sijui niliamkaje pale sakafuni. Nilikwenda moja kwa moja kaunta, nikamwambia karani kwamba kuna tarakimu nilikosea. Akafungua faili, akaitafuta, akakata 7 akaandika 4. "Wengi hukosea," alisema, bila kuniangalia usoni.

Baadaye nilimuuliza sista habari za mzee yule. Ofisa wa ustawi wa jamii alikwenda naye mpaka kijijini kwao, wakakuta shamba limeuzwa na nyumba ina watu wengine. Alikuwa mzima. Alikula dawa zake mwenyewe kwa wakati, alijua majina ya wagonjwa wote, na alilala kwenye kitanda ambacho mdogo wangu alikikosa siku zile tatu za kwanza. Hakuwa peke yake, kila wodi ilikuwa na wa namna yake. Tunaposema vitanda havitoshi, na kweli havitoshi, hesabu hiyo imo ndani yake: mtu aliyepona ambaye hana mlango wa kubisha. Hakuna ujenzi wa wodi mpya utakaomwondoa pale. Na mimi nilibakiza tarakimu moja tu nimweke mdogo wangu kwenye kitanda cha pili cha dirishani.

Siku kumi baada ya kulazwa wakamruhusu. Asubuhi ile alikuwa amechomwa sindano. Siku ya pili yake, baada ya alasiri, tulikuwa uani mama akichambua mchele. Mdogo wangu akasema shingo inamvuta. Kabla sijamjibu kichwa kikaanza kupinda kuelekea bega la kushoto, polepole, kana kwamba kuna mtu amekishika kwa mikono miwili. Macho yakapanda juu ukabaki weupe. Ulimi ukatoka nje haurudi. Alikuwa na akili zake timamu, alinishika mkono akaniminya, anataka kusema na hawezi.

Ua likajaa watu. Jirani wa chumba cha tatu akasema jini limepanda kichwani kwa hasira ya kupelekwa hospitali. Mwingine akaleta ubani. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa ameanza kuamini hospitali, nikaona imani inamtoka usoni. Nikamwambia kijana wa bodaboda atupakie wote wawili.

Sista yule yule alikuwa zamu. Alituona tunaingia, akamtupia jicho moja, hata hakumgusa. "Ni dawa hiyo," akasema. "Hiyo haloperidoli hufanya hivyo, sana sana kwa vijana." Akamchoma sindano nyingine. Dakika kama ishirini hivi shingo ikalegea, macho yakashuka, ulimi ukarudi, na neno lake la kwanza lilikuwa anataka maji. Kumbe ndani ya bahasha moja ya kaki mlikuwa na vidonge vya Artane, vya kuzuia jambo lile lile, na mimi nilikuwa sijampa kwa sababu juu ya bahasha iliandikwa tu "1x2" na sikujua ni vya nini. Nilidhani ni vitamini, nikaviweka vya baadaye.

Nilikuwa nimejaa hasira. Nikamwuliza, "Sista, mlimtoa kwa sababu amepona?"

Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi. "Nilimtoa kwa sababu kitanda kilitakiwa," alisema. "Angekaa majuma mawili zaidi ningekuwa na amani. Lakini ulimwona yule kijana wa benchini? Huyo alikuwa amemkata mamake kwa kisu. Ningemweka wapi?"

Hakuna aliyewahi kunijibu kweli tupu namna ile. Hasira ikaniisha nguvu. Akachana kipande cha katoni ya boksi la glavu, akachomoa kalamu nywelani, akaanza kuniandikia, na wakati wote huo msaidizi anamwita.

Katoni ile ninayo hadi leo, imefunikwa kwa selotepu, iko juu ya kabati la mama. Aliniandikia kila dawa ni ya nini, kwa maneno ya kawaida: hii ya kushusha kasi, hii ya kuzuia kukakamaa, hii ya kushikilia hali isipande wala isishuke. Aliniandikia dalili za kumrudisha siku hiyo hiyo bila kujali tarehe ya kadi: shingo, macho au ulimi kuvutwa, homa kali pamoja na mwili kuwa mgumu kama ubao, hapo nisingoje hata dakika, na maneno ya kutaka kufa, hata akiyasema kwa mzaha. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa, USINGIZI, akapiga mistari miwili. Usiku mmoja chini ya saa nne, fungua macho. Usiku wa pili, njoo. Usingoje agawe viatu.

Akaniambia jambo la mwisho ambalo limenisaidia kuliko dawa yoyote. Siku atakapokuwa mzima kabisa, anacheka, anashona, anakwenda msikitini, ndiyo siku atakayoniambia hataki dawa tena, na mimi ndiyo siku nitakayomkubalia. "Siku hiyo uje kwangu kwanza," alisema. Ilifika, Septemba ile ile, na wauguzi walikuwa nao wako kwenye mgomo wao mrefu ulioanza Juni hadi Novemba. Sista hakuwapo. Nilimwonyesha mdogo wangu katoni. Tukagombana, akarudi kuzimeza.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza kabla ya kutoka wodini, na ninawafundisha wengine: anatoka kwa sababu amepona au kwa sababu kitanda kinatakiwa? Usiulize kwa ukali. Uliza kwa adabu, ukitaka kujua tu. Jibu litakuambia nyumba yako iwe nini majuma yanayofuata. Kama ni kwa sababu ya kitanda, basi kazi ya wodi haijakwisha, imehamia kwako. Visu vinafichwa, dawa zinashikwa na mtu mmoja, usiku watu wanapeana zamu, pesa za simu anawekewa dada, na pilau inangoja. Laiti tungejua hivyo Aprili ile, mama asingeita ua mzima kuja kushangilia mtu ambaye bado alihitaji kimya.

Jambo jingine, na hili niliambiwa na sista huyo huyo miaka iliyofuata nilipokuwa namsindikiza mdogo wangu kliniki. Mwaka ule wa 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa ripoti kuhusu huduma za afya ya akili. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima walikuwa hawafiki mia moja. Sensa ya mwaka 2019 ikatuhesabu kuwa zaidi ya milioni 47. Nilipozisikia hesabu hizo nilikumbuka daktari wetu wa kliniki, ambaye mara zote alimwuliza mdogo wangu maswali matatu akiandika na kichwa ameinamisha. Nilikuwa nimemwona mtu mwenye dharau. Siku moja nikahesabu waliokuwa mbele yetu na nyuma yetu, nikagawanya kwa saa za asubuhi ile. Tulikuwa na dakika nne. Nikaanza kwenda na karatasi: amelala kwa saa ngapi kila usiku, amekula vipi, dawa gani amekosa na siku gani, nini kimebadilika. Nusu ukurasa, mistari mifupi. Daktari akaisoma, akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akapunguza dawa moja iliyokuwa inamnenepesha na kumlegeza. Dakika nne zilitosha, kwa sababu ya kukumbuka nilikuwa nimeyafanya nyumbani.

Mwaka 2019 serikali iliunda jopo la kuchunguza hali ya afya ya akili, likiongozwa na Daktari Frank Njenga, na mwaka uliofuata jopo likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Juni 2022 ikaja sheria iliyorekebisha ile ya 1989 na kuzitwika kaunti wajibu wa huduma hizi. Niliyasoma yote kwa hamu. Nilitaka sana kuona mabadiliko hayo yakifika kwenye benchi lile. Kitu kilichofika kwanza kilikuwa tofauti: sista wetu aliondoka. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko, na yeye, iwe ni kwa mlango huo au mwingine, akapata kazi Uingereza. Alinipigia kuniaga. Alilia, nami nikalia, na nilimwambia aende. Ana watoto watatu.

Sasa nifike Ramadhani ya 2024. Mdogo wangu alikuwa amekaa vizuri miaka sita. Ana cherehani mbili, ana mke, ana msichana wa miaka miwili. Kwa sababu alikuwa vizuri, hatukufikiri. Alifunga kama watu wote. Dawa za mchana akazihamishia kwenye futari, akazimeza zote pamoja. Tarawehe mpaka usiku, kisha anakaa barazani na wenzake, kisha daku. Mtu mwenye baipola, huu ugonjwa wa mdogo wangu wa hali kupanda na kushuka, usingizi wake ukikatwakatwa hivyo usiku baada ya usiku, na anameza lithiamu, ile dawa ya kushikilia hali, huku anashinda bila maji kutwa nzima, yuko hatarini pande mbili, kwa kupanda hali na kwa dawa yenyewe kuzidi damuni. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mkewe alinipigia chungu la sita la mfungo akasema, "Wifi, jana amelala kwa saa mbili tu, na leo anazungumza juu ya kununua lori."

Nikaitazama katoni. Usiku wa kwanza, fungua macho.

Madaktari walikuwa wamegoma tena, tangu tarehe 14 Machi, siku mbili baada ya Ramadhani kuandama. Safari hii ilikuwa juu ya madaktari wanagenzi na malipo yao, na mgomo ukaenda mpaka Mei. Nilihisi ile kamba ya mjomba mkononi mwangu. Lakini nilikuwa na usiku mmoja, sikuwa na juma. Nikakumbuka kwamba kwenye kituo cha afya cha mtaani, pale wanapochanja watoto, kuna sista mmoja aliyewahi kumwona mdogo wangu akipita na kumsalimia kwa jina. Nilikwenda saa moja asubuhi.

Kumbe alisomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Alihitimu, akafanya kazi hiyo miaka michache, kisha akahamishiwa pale kwa kuwa kliniki ya watoto haikuwa na mtu. Mtu aliyesomea jambo ambalo nchi nzima inalilia, anapima uzito wa watoto kwenye mizani ya kuning'iniza. Sisemi kazi ile si kubwa. Mwanangu mwenyewe amepimwa pale. Nasema kwamba siku ile, huku ananisikiliza, macho yake yaliamka kama ya fundi aliyerudishiwa cherehani yake.

Aliacha mizani kwa mwenzake akaja uani kwetu kwa miguu. Akaketi na mdogo wangu mkekani, akamsikiliza habari za lori tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Akampigia daktari anayemfahamu, wakaelewana juu ya dawa za usiku na kipimo cha damu, na kwamba lithiamu isimame mpaka kipimo kirudi. Kisha akamwambia ale. Mdogo wangu akakataa katakata, swaumu ni ya Mungu. Mama akamtuma mtoto kwa ustadh, yule yule, sasa ndevu zimekuwa nyeupe. Akaja akamsomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, kwamba mgonjwa ahesabu siku nyingine, akamwambia, "Na wewe ni mgonjwa kama wa sukari alivyo mgonjwa. Kula, mwanangu." Akamkatia chapati kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu.

Usiku wa tatu alilala kwa saa saba. Hatukuhitaji kitanda cha hospitali. Hatukufunga mtu. Viatu vyake vyote vilikuwapo Idi.

Nimekwenda mara mbili ofisi za kaunti kuuliza kama sista yule hawezi kupewa hata asubuhi mbili kwa juma za kuwaona wagonjwa wa akili wa mtaa wetu. Mara zote nimepokelewa vizuri na kuambiwa niandike barua. Nimeandika. Nimekusanya sahihi za akina mama 63, wengi wao sikujua kwamba nao wana mtu nyumbani hadi walipoichukua kalamu. Wawili walisaini wakanivuta pembeni kuniuliza kama inawezekana kubadilisha namba ya simu waliyoandika hospitalini.

Mwaka huu Shaaban ilipofika kumi na tano mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyenipigia. "Dada, twende kliniki tupange dawa kabla mwezi haujaandama." Nilikuwa na belo la kufungua, nikamwambia aende na mkewe. Walirudi saa kumi na moja jioni. Daktari aliyemzoea amehamishwa, anayekuja badala yake yuko siku moja tu kwa juma, na siku hiyo ilikuwa jana yake. Wamepewa tarehe ya juma lijalo. Mkewe akamimina vidonge mezani tukavihesabu pamoja, vile vya usiku, viwili viwili. Vilikuwa kumi na sita. Vinafika.